Churchill na Barua za Meli

Wanachama wenzangu, mimi nilidhani vita ni bunduki tu. Kumbe hata kalamu hupigana!

Winston Churchill alizaliwa Uingereza mwaka wa 1874. Mwaka wa 1907 alifika kwetu Mombasa. Mei 1940 akawa Waziri Mkuu, na balaa likawa baharini. Chakula na mafuta yao yalikuja kwa meli, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha. Meli zilisafiri kwa misafara, zikilindwa na manowari, lakini manowari hazikutosha.

Basi mzee akashika kalamu, akamwandikia Rais Roosevelt wa Marekani. Septemba 1940 akapata manowari kuukuu 50. Tarehe 8 Desemba akaandika barua ndefu: meli zinapungua, na pesa pia. Machi 1941 Marekani ikapitisha sheria ya kumpa silaha bila kudai pesa papo hapo.

Lakini jamani, msafara nao si ngao kamili. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini katika msafara, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo askari wengi wa Afrika Mashariki.

Churchill alifariki mwaka wa 1965, akazikwa kwa heshima kubwa. Ndugu zetu wale kaburi lao ni bahari. Tusomapo habari zake, nao tuwakumbuke.