Georges Hébert, Mwalimu wa Vikwazo

Kijana amalizaye Kidato cha Sita akaitwa Jeshi la Kujenga Taifa hukutana na ukuta wa kukwea, kamba ya kuning'inia, gogo la kupita juu ya shimo, na waya wa kutambaa chini yake. Wengi hudhani kuwa mambo hayo yalibuniwa ili kuwatesa makuruta. Sivyo. Kwa sehemu kubwa yametokana na kazi ya ofisa wa jeshi la wanamaji la Ufaransa, Georges Hébert. Maisha yake yafaa kujulikana na sisi tukaao chini ya Mlima Rungwe, kwa kuwa mlima wa moto ndio uliompa somo lake kubwa.

Alizaliwa mjini Paris tarehe 27 Aprili, 1875. Aliingia jeshini angali kijana, akasafiri bahari nyingi. Katika Afrika na nchi nyingine aliwatazama watu wenye miili myepesi na yenye nguvu, ambao hawakupata kumwona mwalimu wa mazoezi hata siku moja. Walitembea, walikimbia, walikwea, walibeba mizigo, basi. Mtu aliyemwona mama wa Mwakaleli akipanda kilima chenye utelezi, mkungu wa ndizi kichwani, ataelewa upesi. Kwao Ulaya, wakati ule, askari wengi walisimama safu wakanyosha mikono na kukunja magoti kwa kuhesabiwa.

Mwaka 1902 alikuwa kazini Martinique, kisiwa cha Karibi kilichotawaliwa na Ufaransa. Asubuhi ya tarehe 8 Mei Mlima Pelée ulipasuka. Wingu la moto na majivu liliteremka mbio, likaufunika mji wa Saint-Pierre kwa dakika chache, wakafa watu karibu 28,000. (Milima yetu imetulia, lakini Kyejo ulimwaga mto wa mawe yaliyoyeyuka yapata mwaka 1800, na hiyo si zamani kwa umri wa mlima.) Hébert alishiriki katika kuwaokoa watu wa pwani ile, husimuliwa kwamba waliookolewa chini ya usimamizi wake walipata 700. Tangu hapo alishika fikira moja: nguvu za mwili zisizomfaa mtu mwingine ni bure, na ushujaa na huruma havina budi kufundishwa pamoja nazo.

Aliporudi Ufaransa alipewa kazi ya kuwafundisha askari wa wanamaji katika shule yao ya Lorient. Hapo ndipo alipoupanga mtindo wake. Aliyagawa mazoezi katika mafungu kumi: kutembea, kukimbia, kuruka, kutambaa kwa mikono na miguu, kukwea, kujisawazisha, kutupa, kunyanyua, kujihami, na kuogelea. Wanafunzi hawakuyafanya wamesimama mahali pamoja. Walipita njia yenye vizuizi bila kukoma, wamegawanywa kwa makundi kulingana na uwezo wao, ili mnyonge asivunjike moyo wala hodari asilale. Kila mtu alipimwa akaandikiwa alama, na mwaka 1911 Hébert akatoa kitabu juu ya vipimo hivyo.

Njia ya namna hiyo humpima kiongozi mdogo kuliko paredi yoyote. Mpe koplo watu wanane na ukuta mrefu. Ni nani atangulie ili awavute wenzake? Bunduki zipokewe na nani? Aliye mzito apande wa ngapi, maana akiachwa wa mwisho hana wa kumsukuma? Koplo apandaye peke yake na kusubiri upande wa pili ameshindwa, hata kama amepanda upesi kuliko wote.

Mwaka 1913 chuo cha wanariadha kilifunguliwa mjini Reims, naye akawa mkuu wake. Mwaka uliofuata vita vilikuja, chuo kikaharibiwa, na Hébert mwenyewe akajeruhiwa karibu na Dixmude, Ubelgiji. Baada ya vita alianzisha shule ya mazoezi kwa wasichana na wanawake huko Deauville, jambo ambalo wengi wa siku zile hawakulizoea. Mwaka 1925 aliandika kitabu cha kuushambulia mchezo unaochezwa kwa ajili ya watazamaji na zawadi. Wapenzi wa kandanda hapa shuleni hawatakubaliana naye, wala mimi sikubaliani naye kabisa. Lakini aliuliza swali la haki, yaani wale mia wanaoshangilia kando ya uwanja wanapata nguvu gani.

Majeshi mengi yalifuata njia ya vikwazo. Mwaka 1946 ofisa mwingine wa Kifaransa alianzisha mashindano ya kijeshi ambayo hata leo yana njia ya mita 500 yenye vikwazo 20 kwa wanaume. Na vijana wa mijini wanaoruka kuta na ngazi kwa mchezo uitwao parkour, jina lake limetoka katika neno la Kifaransa la njia ile ile.

Serikali ya Ufaransa ilimpa Hébert nishani ya juu mwaka 1955. Uzeeni alipatwa na kupooza. Mzee huyo, aliyewafundisha maelfu kukimbia na kukwea, akaanza upya kujifunza kutembea, kusema na kuandika, na akafaulu. Alifariki Tourgéville tarehe 2 Agosti, 1957, akiwa na umri wa miaka 82.