Bwana wa Njoro na Kutu ya Ngano

Sisi watu wa Pwani hatukosi mahamri asubuhi, na Ramadhani hatukosi sambusa, lakini ni wachache wanaouliza ngano ilianzaje kulimwa nchini. Mimi nami sikuuliza, hata siku niliposhuka Njoro, karibu na Nakuru, nikaona vishamba vidogo vidogo vya ngano, kila kimoja na kibao chake. Hapo ndipo nilipotajiwa Lord Delamere.

Jina lake hasa Hugh Cholmondeley, mzaliwa wa Uingereza mwaka 1870. Alifika bara mwaka 1897 akitokea nchi ya Wasomali, na mwaka 1903 akarudi kukaa. Serikali ya kikoloni ikampa ekari 100,000 Njoro. Ikampa! Mwaka wa pili yake Wamasai wakahamishwa katika Bonde la Ufa kwa mkataba, wazungu wapate nafasi.

Alianza na kondoo, wakafa. Wamasai walijua kuwa malisho ya pande zile ni mabaya, lakini nani aliwauliza? Ng'ombe nao wakafa kwa maradhi. Akageukia ngano. Ikachipua, ikapendeza macho, kisha ikapatwa na kutu, yaani kuvu yenye vumbi jekundu lipeperushwalo na upepo, na punje zikasinyaa.

Hapa namstahi bwana huyu, ingawa kwa ile ardhi simsamehe. Aliajiri mtaalamu wa mimea, akamjengea maabara shambani. Kazi yenyewe yataka subira. Ua la ngano hufunguliwa kwa kibano kabla halijapevuka, likatolewa chavua yake, likatiwa chavua ya ngano nyingine, kisha suke likavishwa kifuko cha karatasi. Mbegu zake hupandwa na kuachiwa kutu makusudi, na inayookoka ndiyo inayochaguliwa. Ngano za Australia na za Italia zilichanganywa hivyo, msimu baada ya msimu. Mwaka 1908 akashiriki kuanzisha kampuni ya Unga, na mwaka 1927 serikali ikafungua kituo chake cha mbegu Njoro.

Alikufa mwaka 1931, ameacha madeni makubwa, akazikwa Soysambu. Sanamu yake iliyosimama Nairobi iliondolewa baada ya uhuru.

Kutu haikuondoka. Mwaka 1998 ilionekana Uganda aina mpya iliyozishinda ngano nyingi za dunia, na tangu hapo mbegu za mataifa mbalimbali huletwa Njoro kujaribiwa. Nilimwacha mfanyakazi mmoja ameinama katika kishamba chake, akigeuza shina moja moja, akitafuta doa jekundu.