Lord Leverhulme: Mkwasi wa sabuni aliyewarithisha watafiti mali ya mawese

KATIKA mashamba ya michikichi jimboni Sabah, nchini Malaysia, wanasayansi wamekuwa wakimwaga unga wa mawe chini ya miti. Mawe yenyewe ni basalti, yale meusi yatokanayo na volkeno, yaliyosagwa yakawa laini. Mvua inyeshapo, maji hushuka na hewa ya kaboni kutoka angani, hukutana na unga huo, na kaboni hufungika isiweze kurudi angani kwa maelfu ya miaka. Udongo nao hupungua uchachu na kupata madini yanayohitajiwa na mimea.

Utafiti huo, unaooanisha jiolojia na kilimo, huongozwa na kituo kilichoanzishwa mwaka wa 2016 katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza. Fedha za kukianzisha zilitoka kwa Wakfu wa Leverhulme. Wakfu huohuo ndio uliokifadhili kituo cha Imperial College jijini London kinachochunguza mioto ya misituni, na kile cha Chuo Kikuu cha Oxford kinachoshughulikia kurejeshwa kwa mazingira asilia.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba watafiti hao wamejikuta chini ya mchikichi, kwa kuwa fedha zinazowalipa zilichipuka kwenye mti huohuo.

Aliyeuacha wakfu huo ni William Hesketh Lever, mzaliwa wa Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Alizaliwa Septemba 19, 1851, akiwa mtoto wa saba katika familia ya watoto kumi. Baba yake, James Lever, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula na bidhaa za nyumbani. Kijana aliacha masomo akiwa bado barobaro, akaingia dukani. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kukata miche mirefu ya sabuni na kuifunga vipande vipande.

Kazi hiyo duni ndiyo iliyomfumbua macho. Sabuni ya wakati huo haikuwa na jina. Mnunuzi alikatiwa na kupimiwa kama nyama buchani. Mwaka wa 1884 Lever alichagua jina la Sunlight, na mwaka uliofuata yeye na ndugu yake James wakaanza kutengeneza sabuni yao wenyewe mjini Warrington. Ilitumia kwa wingi mafuta ya mimea badala ya mafuta ya wanyama, ilitoa povu kwa urahisi, na kila kipande kilifungwa kwa karatasi yenye jina. Jina hilo limefika hadi katika maduka ya mitaa yetu.

Mwaka wa 1888 alianza kujenga kiwanda kipya juu ya kinamasi kando ya mto Mersey, na pembeni yake kijiji cha wafanyakazi alichokiita Port Sunlight. Nyumba zilikuwa na bustani, palikuwa na shule, kanisa, hospitali na baadaye jumba la sanaa lenye jina la mkewe, Elizabeth Hulme. Wakati ambapo wafanyakazi wengi wa Uingereza waliishi katika vibanda vilivyosongamana, hii ilikuwa neema. Hata hivyo, mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Faida aliyodai kugawana na wafanyakazi aliitumia kwa namna aliyoona yeye inawafaa, si waliyoichagua wao.

Hakuwa mtu wa kuvumilia dharau. Mwaka wa 1906 gazeti la Daily Mail lilipomshambulia kwa kuungana na washindani wake ili kutawala soko la sabuni, alilishtaki na mwaka uliofuata likamlipa fidia ya pauni 50,000. Sehemu ya fedha za kesi hizo aliipa Chuo Kikuu cha Liverpool, na humo ikazaliwa idara ya kufundisha upangaji wa miji. Na mchoraji Augustus John alipomchora picha isiyompendeza mwaka wa 1920, Lever aliikata sehemu ya kichwa na kuificha ndani ya sefu. Picha iliyobaki, isiyo na kichwa, ilirudishwa kwa mchoraji kimakosa, na wachoraji wa London wakamfanyia maandamano. Kisa hiki ni cha kuchekesha. Kile cha Kongo si cha kuchekesha hata kidogo.

Viwanda vilipopanuka, Lever aliogopa kukosa mafuta. Aliomba ardhi kubwa katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Magharibi, akanyimwa. Ubelgiji ilimfungulia mlango. Ilikuwa imeitwaa Kongo mwaka wa 1908 kutoka kwa Mfalme Leopold II, baada ya ulimwengu kuchukizwa na unyama wa kuvuna mpira, na ilihitaji mwekezaji mwenye sifa njema. Nani angefaa kuliko mjenzi wa Port Sunlight?

Mkataba ulitiwa saini Aprili 1911. Kampuni yake mpya, Huileries du Congo Belge, ilipewa maeneo matano ya mviringo, kila moja likiwa na nusu kipenyo cha kilomita 60, na humo iliruhusiwa kuchagua hadi hekta 750,000. Kwa upande wake, iliahidi kujenga shule na hospitali na kulipa ujira usiopungua senti 25 za faranga kwa siku. Kituo kimojawapo kikuu, kando ya mto Kwilu, kilipewa jina la Leverville. Leo ni Lusanga.

Michikichi mingi ya huko ilikuwa imeota yenyewe, na wenyeji walikuwa wakiitumia tangu enzi za mababu. Kukata mikungu kulimaanisha kupanda shina refu kwa ukanda uliozungushwa kiunoni, siku baada ya siku. Kwa ujira uliotolewa, wengi hawakutaka kazi hiyo. Ndipo watawala wa kikoloni na machifu walipotumiwa kuwakusanya watu kwa nguvu. Wanawake na watoto walibeba matunda hadi vituoni. Mwaka wa 1923 daktari wa serikali, Emile Lejeune, aliandika ripoti kuhusu hali mbaya ya wafanyakazi wa Leverville. Mwanadiplomasia wa Ubelgiji, Jules Marchal, alizichimbua nyaraka hizo na kuchapisha kitabu kizima kuhusu kazi hiyo ya kulazimishwa mwaka wa 2001.

Lever aliizuru Kongo mara mbili. Hawezi kutetewa kwamba hakujua palipo kiwanda chake. Aliporejea kutoka ziara ya pili, aliugua nimonia na kufariki London Mei 7, 1925, akiwa na umri wa miaka 73. Miaka sita baadaye, Wapende wa Kwilu waliasi. Ofisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, aliuawa Juni 1931, na majeshi ya kikoloni yakawaua Wapende zaidi ya 500.

Katika wasia wake, Lever alitenga sehemu ya hisa za kampuni yake kwa ajili ya mawakala wa biashara, wauza vyakula na wauza dawa waliopatwa na shida, pamoja na ufadhili wa masomo na utafiti. Mwaka wa 1929 kampuni hiyo ilikubali kuungana na watengenezaji majarini wa Uholanzi, ikawa Unilever, ambayo Wakenya wa zamani waliijua kupitia East Africa Industries. Thamani ya hisa ilikua mno. Mwaka wa 1983 wakfu uligawanywa: mmoja kwa wafanyabiashara, mwingine kwa utafiti. Huu wa pili hutoa takriban pauni milioni 100 kwa mwaka, kiasi kinachouweka miongoni mwa wafadhili wakubwa wa utafiti nchini Uingereza.

Unilever iliuza mashamba yake ya Kongo mwaka wa 2009. Huko Lusanga, wafanyakazi wa mashamba waliojifunza uchongaji wamekuwa wakiuza sanamu zao ng'ambo na kununua, kwa fedha hizo, vipande vya ardhi ambayo zamani ilikuwa shamba la kampuni. Mwaka wa 2024 waliletewa sanamu ya Balot, iliyochongwa na Wapende mwaka wa 1931 ili kuifunga roho ya ofisa huyo. Waliipata kwa mkopo. Mwenye sanamu ni jumba la makumbusho la Virginia, Marekani.