Farrokh wa Mji Mkongwe: tusimuuze nusu nusu

Ukipita Shangani, Unguja, utaona watalii wamesimama mbele ya jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2019, wakipiga picha za mwanamume mwenye masharubu mazito. Vijana wanaowatembeza wana maelezo yao ya dakika mbili: alizaliwa hapa, akaenda Uingereza, akaimba, akatajirika, akafa. Kisha msafara unashuka Forodhani kula urojo. Sina ugomvi na biashara hiyo, watu wale. Lakini maisha ya Freddie Mercury yana mambo mawili ambayo maelezo hayo huyaruka, na yote mawili yanatuhusu sisi watu wa mwambao kuliko tunavyopenda kukubali.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali mjini Unguja, zama za Sultani, ingawa kauli ilikuwa ya Mwingereza. Babake, Bomi, alikuwa keshia katika serikali hiyo ya kikoloni. Mamake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, watu ambao wahenga wao walihama Uajemi wakakaa Gujarat, na jina la Bulsara latokana na mji wa huko. Dini yao ni ile ya Zoroasta, ambayo sisi Waislamu tunaijua kwa jina la Majusi, na imetajwa katika Suratul Hajj. Nyumbani kwao hakukuwa na utajiri wa kutisha, lakini mshahara wa serikali ulitosha kuweka yaya na kumpa mtoto masomo mazuri.

Masomo hayo ndiyo yaliyomtoa Unguja mara ya kwanza. Akiwa na miaka 8 alipandishwa meli, akapelekwa shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, mji wa milimani ng'ambo ya Bombay. Mzazi yeyote ajiulize kama angeweza. Huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, akajifunza piano vizuri, na akiwa kama na miaka 12 akaunda bendi ya shule na wenziwe wanne, The Hectics. Pia alikuwa na meno manne ya ziada nyuma ya yale ya mbele, ndiyo maana yalijitokeza nje. Hata alipokuwa na pesa za kununua hospitali nzima hakuyagusa, akihofia sauti yake ingebadilika.

Alirudi Unguja mwaka 1963, kijana wa miaka 16. Desemba ile Zanzibar ikapata uhuru. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi.

Hili ndilo jambo la kwanza. Maelfu waliuawa, wengi wao Waarabu na wenye asili ya Bara Hindi. Maelfu wengine walivuka bahari na chochote walichoweza kubeba. Wapo waliokuja hapa Mombasa, na wajukuu wao leo ni majirani zetu, ni wakwe zetu. Simalizi hesabu ya Mapinduzi katika safu moja ya gazeti. Kila nyumba ina masimulizi yake, na wapo waliokanyagwa miaka mingi kabla ya usiku ule ambao nao wana haki ya kusikilizwa. Ninachokataa ni hiyo kauli ya kwamba Freddie alikwenda Uingereza, kana kwamba alikwenda kutembea. Familia ile ilikimbia. Walifikia Feltham, magharibi mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na mtoto wa keshia wa serikali akajikuta akibeba mizigo ya abiria katika uwanja huohuo ili apate ada.

Alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, akatoka na diploma mwaka 1969. Diploma, si digrii; sisi wenzake turuhusiwe kutabasamu. Akauza nguo za mitumba katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Mwaka 1970 akajiunga na Taylor na mpiga gitaa Brian May, na yeye ndiye aliyeing'ang'ania bendi iitwe Queen, yaani Malkia. John Deacon, wa gitaa la besi, aliingia mwaka 1971. Nembo yao aliichora Freddie mwenyewe kwa kutumia alama za nyota za wote wanne. Ile diploma haikwenda bure.

Na hapo ndipo alipolitupa jina la Bulsara akajiita Mercury. Wengine husema aliwaonea haya wazazi wake. Mimi siamini, kwa sababu aliendelea kwenda kwao Feltham kuwaona hata alipokuwa nyota. Ila Uingereza ya wakati ule haikuwa mahali pepesi kwa uso wa Kihindi. Mwaka 1968 mwanasiasa Enoch Powell alikuwa amehutubia dhidi ya wahamiaji, na wafanyakazi wa bandarini wakaandamana kumuunga mkono. Kijana aliyetaka kupanda jukwaani katikati ya hali hiyo aliamua kutozungumzia atokako. Katika mahojiano yake utaitafuta Zanzibar kwa tochi.

Lakini masikio hayasahau alichosikia mtu utotoni. Mwaka 1975 alitunga Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika 6 usio na kiitikio, wenye kipande cha opera katikati. Sauti tatu, yake, ya May na ya Taylor, zilirekodiwa moja juu ya nyingine mara nyingi sana hadi zikasikika kama kwaya ya kanisa kubwa. Waliohusika na biashara walisema ni mrefu mno kupigwa redioni. Ukakaa nambari moja Uingereza wiki 9. Ndani yake limo neno ambalo kila mtoto wa chuoni hulitamka kabla hajafungua msahafu, na aliyekulia baina ya misikiti ya Unguja alilijua kabla ya kuijua Uingereza. Mwaka 1978 akatoa Mustapha, uliojaa maneno ya Kiarabu. Sikuupenda mimi, kuchezea maneno hayo hakunifurahishi, ila sidhani nauliza ameyatoa wapi.

Sitamtakasa. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi, wakati wasanii waliombwa wasiende. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na kilikuwa na haki. Mzaliwa wa Afrika, tena mwenye ngozi yake, alipaswa kuwa wa kwanza kukataa. Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, walipanda jukwaa la Wembley katika tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Mbele ya watu kama 72,000, mchana kweupe, bila taa za kuwapamba, Freddie aliwashika kwa dakika zisizozidi 25 kama imamu anavyoishika safu, mikono yote ikipanda na kushuka pamoja. Wajuzi wengi husema hakuna aliyewahi kufanya zaidi ya hapo.

Jambo la pili ni kifo chake. Alimpenda Mary Austin, wakaishi pamoja miaka kadhaa, na hata baada ya kuachana alibaki msiri wake hadi mwisho, akamrithisha nyumba yake. Baadaye aliishi na wanaume, wa mwisho Jim Hutton. Msimamo wa dini yetu unajulikana, na hesabu ya mja ni kwa Mola wake, si kwangu. Mwaka 1987 aliambiwa ana UKIMWI. Aliendelea kurekodi huku akikonda, magazeti ya udaku yamepiga kambi langoni, na yeye akikanusha. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tangazo la kukiri. Jioni iliyofuata akafariki, na miaka 45 tu.

Wazee wa dini ya wazazi wake ndio waliomfanyia ibada ya mwisho. Mwili ukachomwa, na majivu akapewa Mary Austin, ayaweke mahali pasipojulikana.

Dawa za kuchanganya zilizogeuza ugonjwa ule zilikuja mwaka 1996. Alizikosa kwa miaka mitano. Kwetu miaka hiyohiyo tulizika watu tukisema ni kifua, ni homa, ni husuda ya majirani, huku mgonjwa ametengewa sahani na kikombe. Leo dawa ni bure katika hospitali za serikali, na bado wapo wanaopanda matatu kwenda kuzichukua mtaa wa mbali wasionekane. Bendi yake, pamoja na meneja wao, walianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust mwaka 1992, na umesaidia miradi ya kupambana na UKIMWI katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo.

Mwaka 2006, angetimiza miaka 60, jumuiya ya UAMSHO ilipinga sherehe iliyopangwa Unguja kwa heshima yake. Kukataa sherehe ufukweni naelewa. Kukataa historia sielewi, na kuiuza historia hiyo ikiwa imekatwa vipande sielewi zaidi. Watalii wachache wenye udadisi huuliza kwa nini akina Bulsara waliondoka. Kijana anayewatembeza, ambaye pengine bibi yake alikuwepo usiku ule, afundishwe kuwajibu.