Mwalimu Nyerere: Mwana wa Wake Wengi, Mume wa Mke Mmoja

Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, katika nyumba ya Chifu Nyerere Burito, mume wa wake 22. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Angali mdogo, aliposewa msichana kwa desturi ya Wazanaki.

Alibatizwa mwaka 1943. Huko Makerere alishiriki Aksio Katolika ya wanafunzi, akaandika na insha kuhusu kunyanyaswa kwa wanawake katika jamii zetu. Hapo tunaona msimamo wake ukikomaa kabla hajapata cheo chochote. Uchumba ule wa utotoni ulivunjwa, na Januari 1953 akafunga ndoa Musoma na Maria Waningu, mwalimu aliyesomea Sumve, huku kwetu Mwanza. Mauti ndiyo yaliyowatenganisha, tarehe 14 Oktoba 1999. Alizikwa Butiama, kwa wazee wake.

Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyopita akiwa Rais, iliruhusu pia ndoa za wake wengi. Njia yake hakumlazimisha mtu, aliiishi. Nasi tunaokutana vyuoni na vigangoni kuitetea ndoa ya Kikristo, tuanzie hapo: tuishi kwanza, ndipo tuhubiri.