ISMAIL GASPRINSKI, MWALIMU WA WAISLAMU WA URUSI

Wako watu ambao katika zama zao majina yao yalitajwa toka Istanbul hata Bombay, kisha wakasahauliwa upesi, hata leo kijana wa Kiislamu aweza kumaliza masomo yake asipate kuwasikia kabisa. Mmoja wao ni Ismail Gasprinski, Mtatari wa Crimea, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki mwaka 1914, akaziona zama za Makaisari wanne wa Urusi. Tumeazimia kuwaeleza wasomaji wetu maisha yake, si kwa kupumbaza nyoyo kwa visa vya nchi za mbali, bali kwa kuwa suala lililomkabili yeye huwakabili Waislamu kila wanapokuwa wachache chini ya dola isiyo yao. Suala lenyewe ni hili: je, waanze kwa kudai haki zao, au waanze kwa kuuondoa ujinga wao?

Crimea ni rasi iliyoko kaskazini ya Bahari Nyeusi. Kwa zaidi ya karne tatu ilitawaliwa na wafalme wa Kitatari, nao walikuwa Waislamu, na makao yao yalikuwa mji wa Bakhchisaray. Mwaka 1783 Malkia Catherine wa Urusi aliitia nchi hiyo katika milki yake. Toka hapo ardhi ikawa yatoka mikononi mwa Watatari na kuingia mikononi mwa wakubwa wa Kirusi, na wenyeji wakawa wahama kidogo kidogo. Vilipokwisha vita vya Crimea vya mwaka 1853 hadi 1856, Watatari wakashutumiwa kwamba nyoyo zao zilikuwa kwa Sultani wa Uturuki, na baada ya miaka michache watu zaidi ya laki moja wakapanda majahazi na meli kwenda nchi za Sultani, wakiacha nyuma misikiti isiyo na wa kuadhini. Katika nchi iliyopungukiwa namna hiyo ndimo alimokulia Ismail.

Baba yake, Mustafa, alikuwa akitumika katika serikali ya Kaisari, na jina la ukoo wao lilitokana na kijiji cha Gaspra. Mtoto alisoma chuoni kama watoto wenziwe, kisha akapelekwa skuli ya Kirusi mjini Simferopol, na baadaye katika skuli za kiaskari za Voronezh na Moscow. Huko Moscow aliona mambo mawili kwa pamoja: nguvu ya taifa lenye ilimu, na chuki iliyokuwa ikienezwa juu ya Waturuki. Damu ya ujana ikamchemka. Mwaka 1867, naye ana umri wa miaka 16, alitoroka pamoja na rafiki yake ili akawasaidie Waturuki katika vita vya Krete, lakini askari wa Kirusi wakawashika bandarini Odessa wakawarudisha. Baada ya hapo akawa mwalimu wa lugha ya Kirusi katika madrasa ya Zincirli, Bakhchisaray. Kisha akasafiri, akakaa Paris na Istanbul kwa miaka kadhaa, akitazama namna mataifa yanavyoendeshwa. Aliporejea kwao alichaguliwa kuwa mkuu wa baraza la mji wa Bakhchisaray, akaishika kazi hiyo toka mwaka 1879 hata 1884.

Basi huyu si mtu aliyeijua dunia kwa kusimuliwa. Aliwaona Warusi, Wafaransa na Waturuki, akarudi na yakini moja, kwamba Waislamu wa Urusi hawakushindwa kwa upungufu wa dini wala wa ushujaa, bali kwa upungufu wa ilimu. Hesabu ya watu ya mwaka 1897 ilionyesha kwamba Waislamu katika milki hiyo walikuwa karibu milioni 14, toka Crimea na mto Volga hata Caucasus na Turkestan. Umma mkubwa namna hiyo ulikuwa hauna gazeti lake moja la kuwaunganisha.

Alipoomba ruhusa ya kutoa gazeti, alizungushwa kwa miaka. Mwisho aliipata kwa sharti kwamba kila kitakachoandikwa kwa Kituruki kiandikwe na kwa Kirusi pia, ili wakaguzi wa serikali wakisome. Hivyo mwezi wa Aprili 1883, miaka 100 kamili baada ya Crimea kutwaliwa, likatoka gazeti la Tarjuman mjini Bakhchisaray. Mkewe, Zühre, binti wa ukoo wa matajiri wa Kitatari wa Volga, alilisaidia kwa mali yake na kwa mikono yake. Gasprinski akachagua Kituruki chepesi, akipunguza maneno mazito ya kigeni, ili Mtatari, Mwazeri na Muuzbeki wapate kufahamiana. Alitaka wawe na umoja katika mambo matatu: lugha, fikira na kazi.

Mwaka uliofuata, 1884, alifungua chuo cha namna mpya, ambayo ikaitwa Usuli Jadidi. Katika vyuo vya zamani mtoto alianza kwa kuhifadhi majina ya herufi, kisha akafuatisha kwa sauti maneno asiyoyafahamu. Watoto wakubwa na wadogo walikaa mahali pamoja, kila mmoja akipaza sauti kwa somo lake, na mwalimu hakuwa na mshahara ila vile alivyopewa na wazee. Miaka ikapita, na wengi wakatoka wasiweze kuandika barua kwa lugha yao wenyewe. Msomaji wetu aliyepita chuoni hana haja ya kuelezwa zaidi. Katika chuo cha Gasprinski herufi zilisomeshwa kwa sauti zake, si kwa majina yake. Watoto waligawanywa kwa madarasa, wakawekewa madawati na ubao, masaa yakapangwa, na mwalimu akapewa mshahara wake. Pamoja na Qurani na dini walifundishwa kuandika na kuhesabu. Alidai kwamba kwa siku 40 mtoto aweza kujua kusoma, na wazee walioalikwa kuwasikiliza watoto wakatoka wakistaajabu.

Habari zikaenea kwa njia ya Tarjuman. Wafanyabiashara wa Volga na matajiri wa mafuta wa Baku wakatoa mali zao kujenga vyuo. Mwaka 1893 Gasprinski mwenyewe alisafiri hata Bukhara na Samarkand kuunadi usuli huo. Hadi alipokufa, vyuo hivyo vilikuwa vimehesabika kwa maelfu. Wala hakuwasahau wanawake. Wasichana walifunguliwa vyuo vyao, na mwaka 1906 likatoka jarida la wanawake lililoitwa Alem-i Nisvan, mhariri wake akiwa binti yake, Şefika.

Lakini hakuna islahi isiyopata maadui, na yeye aliwapata pande mbili. Upande mmoja walisimama baadhi ya masheikh, wakisema kwamba madawati na ubao ni kujifananisha na makafiri, na kwamba aliyesoma upesi hana baraka. Upande wa pili alisimama Nikolai Ilminsky wa Kazan, mtaalamu mkubwa wa kazi ya kuwageuza Waislamu kuwa Wakristo, ambaye aliwaonya wakubwa wa serikali kwamba Mwislamu mwenye taasubu na asiyesoma hana hatari kubwa, ila mwenye hatari ni huyu aliyesoma. Twawaomba wasomaji wetu walifikiri jambo hili. Mwenye kuulinda ujinga kwa jina la dini, na mwenye kuitakia dini hiyo kufa, walikutana katika shauri moja pasi na kujuana.

Wakati huo Urusi yenyewe ilikuwa ikichemka. Kaisari Alexander wa Pili, aliyewatoa wakulima katika utumwa, aliuawa kwa bomu mwaka 1881. Mwanawe, Alexander wa Tatu, akakaza kamba kwa kila raia. Chini ya Nicholas wa Pili wanafunzi, wafanyakazi na wakulima wakazidi kunung'unika, na dola ilipokuwa katika vita na Japani, Januari 1905, askari waliwapiga risasi watu waliokwenda St. Petersburg kumpelekea Kaisari malalamiko yao. Migomo ikaenea nchi nzima. Mwezi wa Aprili mwaka huo ilitoka amri ya kuruhusu watu kubadili dini, na maelfu ya Watatari ambao mababu zao walibatizwa kwa nguvu wakarejea katika Uislamu dhahiri. Mwezi wa Oktoba Kaisari akalazimika kuahidi uhuru wa kusema na kukutana, na kuundwa kwa Baraza la Duma.

Gasprinski, aliyekaa miaka zaidi ya 20 akijiepusha na siasa, hakuweza tena kukaa kando. Mwezi wa Agosti 1905, siku za soko kuu la Nizhny Novgorod ambako wafanyabiashara wa Kiislamu walikusanyika kila mwaka, viongozi waliomba ruhusa ya mkutano wakanyimwa. Basi wakakodi meli ya mtoni iitwayo Gustav Struve, wakapanda watu zaidi ya mia kana kwamba wanakwenda matembezi, na huko katikati ya mto Oka wakafanya mkutano wa kwanza wa Waislamu wa Urusi yote, Gasprinski akiwa mwenyekiti. Waliazimia kushirikiana, Sunni na Shia, na kudai wawe sawa na Warusi mbele ya sheria. Mikutano miwili mingine ilifuata mwaka 1906, na katika wa tatu wakapitisha mpango wa masomo ya watoto wao.

Furaha hiyo haikudumu. Katika Duma ya kwanza ya mwaka 1906 waliingia Waislamu kiasi cha 25, na ya pili zaidi ya 30. Zote mbili Kaisari alizivunja. Mwezi wa Juni 1907 waziri Stolypin alibadilisha sheria ya uchaguzi, Turkestan ikanyimwa wajumbe kabisa, na katika Duma ya tatu Waislamu wakabaki kiasi cha 10. Polisi wakaanza kutafuta fitina katika kila chuo. Mwaka 1911 madrasa mashuhuri ya Izh-Bubi ilifungwa na walimu wake wakatiwa gerezani.

Hapo ndipo lilipodhihiri suala tulilolitaja mwanzo. Vijana wa Crimea, wakiongozwa na Abdureshid Mehdi aliyekuwa mjumbe katika Duma ya pili, walimshutumu mzee wao katika gazeti lao kwamba amewanyenyekea Warusi mno. Walisema kwamba mkulima wa Kitatari asiye na shamba hashibi kwa alifu na be. Sisi hatuwezi kuyatupa maneno yao. Katika jambo la ardhi, Gasprinski hakuwapatia watu wake hata shubiri moja, na kufungwa kwa Izh-Bubi kulionyesha kwamba ilimu isiyolindwa na haki ni taa iliyowashwa penye upepo. Lakini na vijana nao yafaa waulizwe: ni nani aliyewafundisha kusoma na kuandika hata wakaweza kutoa gazeti la kumpinga? Duma ilifungwa kwa amri ya siku moja. Vyuo maelfu, vilivyotawanyika toka Bakhchisaray hata Samarkand, havikuweza kufungwa vyote.

Yeye alipoona milango inafungwa kwao, akatazama nje. Mwisho wa mwaka 1907 alifika Cairo, akawaita Waislamu wa dunia wafanye mkutano mkuu wa kutafuta sababu za unyonge wao, na kwa ajili hiyo akatoa gazeti la Kiarabu, al-Nahda. Mkutano haukufanyika, kwani watawala waliutilia shaka, na gazeti likafa baada ya matoleo machache. Lakini fikira hizo zilikuwa zikizungumzwa mji huo huo katika jarida la al-Manar la Sheikh Rashid Rida, na al-Manar ilisomwa hata pwani yetu. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyetoa al-Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 mjini Mombasa, alikuwa miongoni mwa wasomaji wake. Hatusemi kwamba alimfuata Gasprinski. Twasema tu kwamba visima vilikuwa mbali mbali na maji yalikuwa ya mkondo mmoja. Mwaka 1912 mzee huyo, naye amekwisha pita miaka 60, alikwenda hata Bombay kuwaonyesha Waislamu wa Bara Hindi usuli wake.

Alifariki Bakhchisaray mwezi wa Septemba 1914, vita vikuu vikiwa vimeanza, akazikwa karibu na madrasa ya Zincirli, pale pale alipoanza ualimu. Mwaka 1917 kiti cha Kaisari kilianguka. Watatari wa Crimea wakachagua baraza lao wenyewe, wanawake nao wakipiga kura, na Şefika akawa miongoni mwa wajumbe. Mwanzo wa mwaka 1918 Mabolsheviki wakalivunja kwa silaha, na mwaka huo Tarjuman ikakoma. Mwezi wa Mei 1944 Stalin akawatoa Watatari wote katika nchi yao, akawapeleka mbali Asia ya kati, na wengi wakafa njiani na ugenini.

Mtu aweza kusema, basi kazi yake ilipotea. Sisi hatuoni hivyo. Watu waliohamishwa bila mali wala ardhi walibaki wakijijua kuwa ni taifa, wakadai kurudi kwao kwa miaka zaidi ya 40, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 wakarudi kwa wingi. Umma usiojua kusoma historia yake haufanyi hivyo. Wala hatuambii watu wasidai haki. Gasprinski mwenyewe alipanda meli siku ilipobidi. Twasema kwamba siku hiyo ilipofika alikuwa na watu wa kupanda nao, kwa sababu kwa miaka 20 alikuwa amewafundisha. Mwenye kungojea fursa pasi na kusomesha, fursa humjia akakosa wa kuishika; na mwenye kusomesha asijali haki, hujenga nyumba katika kiwanja cha mwenziwe.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ismail Gasprinski, na atujaalie sisi na watoto wetu ilimu yenye manufaa. Amin.