Ampère: Mtoto Aliyemwomba Padri Msaada wa Hesabu



Leo naanza na aibu yangu mwenyewe, halafu nikusimulie maisha ya mtu ambaye jina lake unalo nyumbani hata kama hulijui.

Likizo iliyopita nilikuwa hapa Nassa, nikisaidia vijana wa kigango. Jioni moja binti wa Kidato cha Tatu alikuja na daftari la fizikia. Swali lilikuwa la saketi yenye rezista tatu zilizounganishwa sambamba: tafuta mkondo wa umeme unaotoka kwenye betri. Shikamoo Frateri, naomba unisaidie hili. Sasa mimi nimesoma falsafa. Fizikia niliiacha Kidato cha Nne, na niliiacha kwa furaha kabisa. Lakini si unajua tena, frateri kusema hajui mbele ya watoto wa parokia, inauma! Basi nikachukua daftari la kijana mwingine aliyekuwa amelikokotoa, nikanakili jibu, nikampa.

Wiki iliyofuata akarudi. Jibu lilikuwa sahihi, ila yeye alitaka kujua kwa nini. Nikababaika. Mwishowe nikamwambia ukweli kwamba nilinakili.

Tukaenda wote wawili kwa fundi umeme mmoja anayeimba besi kwenye kwaya yetu. Yule baba hakufungua kitabu. Alitoa betri ya sola na taa tatu ndogo, akaziunganisha kila moja kwa waya wake, akapima mkondo kwenye kila taa, kisha akapima kwenye betri. Mikondo mitatu ukiijumlisha unapata ule wa betri. Akachomoa taa moja, mbili zikabaki zinawaka, na mkondo wa betri ukapungua. Binti akacheka kwa furaha. Mimi nikacheka kwa sababu, baada ya miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nimeelewa.

Usiku ule nikaangalia chaja ya simu yangu. Imeandikwa 2A. Ile A ni ampea, na ampea ni jina la mtu: André-Marie Ampère, Mkatoliki wa Ufaransa. Nikaanza kusoma habari zake, na kumbe maisha yake yote yamejaa watu wanaoomba msaada wa masomo na watu wanaoutoa.

Mtoto asiye na shule

Ampère alizaliwa Lyon tarehe 20 Januari 1775. Alikulia Poleymieux, kijiji kilicho karibu na mji huo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hariri, na hakumpeleka shule. Alimwachia maktaba ya nyumbani, mtoto asome anachokipenda. Mama yake alimlea katika sala na imani.

Kijana akapenda hesabu kuliko kitu chochote. Lakini kusoma peke yako kuna mwisho wake, na wewe unayesoma usiku kwa tochi ya simu unalijua hilo. Unafika ukurasa fulani unakwama, na hakuna wa kumuuliza. Ampère naye alifika hapo. Akaenda maktaba ya chuo kimoja mjini Lyon kuomba vitabu vya Euler na Bernoulli, wanahisabati wakubwa wa karne ile. Mkutubi alikuwa padri, Abbé Daburon. Padri akamweleza mtoto yule kwamba vitabu hivyo vimeandikwa kwa Kilatini, tena vimejaa kalkulasi.

Hapo wengi wetu tungegeuza kurudi nyumbani. Ampère alirudi nyumbani kweli, lakini kujifunza Kilatini. Baada ya wiki chache akawa mbele ya padri tena. Na padri yule, badala ya kumwambia asubiri akue, akakaa naye chini akamfundisha kalkulasi.

Naomba uwatazame hao wawili kidogo. Mtoto hakuomba afanyiwe. Aliondoka akafanya sehemu yake, akarudi kuomba ile sehemu ambayo asingeiweza peke yake. Na padri hakuona kwamba anapoteza muda. Mtu yeyote akikuambia Kanisa linaogopa sayansi, mkumbushe kwamba mmoja wa mababa wa elimu ya umeme alifunguliwa mlango wa kalkulasi na padri.

Msiba

Mwaka 1789 Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza. Baba yake Ampère alikuwa hakimu mjini Lyon. Mji ule uliasi serikali ya mapinduzi, ukazingirwa, ukashindwa, na Novemba 1793 baba yake akauawa kwa kukatwa kichwa. Ampère alikuwa na miaka 18.

Kwa muda wa kama mwaka mzima kijana aliyependa hesabu hakutaka hesabu wala kitu kingine. Alikaa tu, kama mtu aliyezimika. Kilichomrudisha polepole kilikuwa mimea, kutembea porini kuitazama na kuitambua, pamoja na mashairi ya Kilatini. Nalisema hili kwa ajili ya wewe uliyefiwa na mzazi katikati ya masomo, ambaye walimu wanashangaa mbona umeshuka. Mungu hakumkatia tamaa Ampère katika mwaka ule wa ukimya. Wala wewe.

Mwalimu wa tuisheni

Alipoinuka, alianza kuishi kwa kufundisha hesabu wanafunzi binafsi mjini Lyon. Yaani tuisheni! Mwaka 1799 akamwoa Julie, msichana aliyempenda sana, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, Jean-Jacques. Mwaka 1802 akapata kazi ya kufundisha fizikia na kemia katika mji wa Bourg. Julie alikuwa mgonjwa, akabaki Lyon na mtoto.

Mwaka huohuo Ampère akatoa andiko lake la kwanza la kisayansi. Kijana wa mikeka, sogea hapa. Andiko lile lilihusu kamari. Alionyesha kwa hesabu kwamba mtu mwenye mfuko mdogo akicheza bila kikomo dhidi ya mpinzani mwenye fedha zisizo na mwisho, lazima afilisike, hata kama mchezo wenyewe ni wa haki. Na kampuni za kubeti hazichezeshi mchezo wa haki, maana zinaweka faida yao ndani yake. Jibu la swali hili lipo tangu 1802, tusijifanye hatulijui.

Julai 1803 Julie akafariki. Ampère akabaki mjane na mtoto wa karibu miaka mitatu. Mwaka 1804 akahamia Paris, kwenye École Polytechnique, chuo cha kuandaa wahandisi. Na cheo chake cha kwanza pale kilikuwa kipi? Alikuwa mwalimu msaidizi wa kurudia masomo na wanafunzi. Profesa akishafundisha, yeye ndiye anakaa na vijana kuwasaidia mazoezi yaliyowashinda. Kwa lugha ya leo, wahandisi wa baadaye walimletea Ampère homuweki zao.

Wala hakuwa mwalimu wa kutisha. Inasimuliwa kwamba alikuwa msahaulifu, na kwamba wanafunzi watundu walimwambia hawaoni maandishi ubaoni, naye akawa anakuza herufi mpaka neno moja linajaza ubao. Walimcheka, naye aliendelea kufundisha, na baadaye akawa profesa palepale.

Nisikufiche: miaka ile ya Paris haikuwa safi. Ndoa yake ya pili ilivunjika mapema. Imani nayo ikatikisika, akawa na mashaka mazito kwa miaka. Alirudi katika imani yake kwa moyo wote karibu mwaka 1817, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 40. Basi ukiwa na mashaka usione kwamba umeshatoka Kanisani. Uliza. Tafuta Daburon wako wa imani.

Septemba 1820

Mwaka 1820 Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya wenye umeme unaigeuza sindano ya dira. Habari zikafika Paris, na tarehe 11 Septemba jaribio lile likaonyeshwa mbele ya Akademia ya Sayansi. Ampère alikuwepo. Wiki moja baadaye, tarehe 18, alikuwa mbele ya wenzake akieleza matokeo yake mwenyewe. Kabla mwezi haujaisha alishaonyesha kwamba nyaya mbili sambamba zenye mikondo inayoelekea upande mmoja huvutana, na mikondo ikielekea pande tofauti nyaya husukumana. Kutokana na hapo akajenga nadharia nzima ya nguvu za mikondo ya umeme. Feni ya kanisani inayozunguka inafuata nguvu hizo.

Alikuwa na miaka 45. Watu husema aligundua ndani ya wiki moja. Mimi naona aligundua kwa wiki moja na miaka 30 ya kuuliza, kukokotoa na kuwaelekeza wengine.

Mpangaji kijana

Sasa sehemu niipendayo. Mwaka 1831 kijana wa miaka 18 kutoka Lyon alifika Paris kusomea sheria. Alikuwa mpweke, hakupenda alikopanga, na wasomi wengi wa mji ule waliidharau imani. Akaenda kumsalimia Ampère, mtu wa nyumbani kwao. Mzee yule, mwanasayansi maarufu wa Ulaya, akampa chumba cha mwanawe aliyekuwa hayupo, akamkaribisha mezani kwake. Wakawa wanazungumza sayansi, na wanazungumza Mungu.

Inasimuliwa pia kwamba siku moja kijana huyo, akiwa amelemewa na mashaka, aliingia kanisani na kumwona mzee mmoja amepiga magoti kwenye kona anasali rozari. Alikuwa Ampère.

Kijana huyo ni Frederiki Ozanam. Tarehe 23 Aprili 1833, siku alipotimiza miaka 20, yeye na wanafunzi wenzake wachache walianzisha kikundi cha kuwatembelea maskini. Ndicho kilichokuja kuwa Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, lililoenea dunia nzima. Tarehe 22 Agosti 1997, mjini Paris, wakati wa Siku ya Vijana Duniani, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Ozanam kuwa Mwenyeheri.

Ampère alifariki Marseille tarehe 10 Juni 1836, akiwa safarini kikazi kukagua elimu. Inasemekana walipotaka kumsomea kitabu cha Kumfuasa Kristo, alieleza kwamba anakijua chote kwa moyo. Mwaka 1881 wataalamu waliokutana Paris wakakiita kipimo cha mkondo wa umeme kwa jina lake.

Na sisi je?

Tanzania imetupatia ndugu yetu Erasto Mpemba. Akiwa mwanafunzi pale Magamba, mwaka 1963, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Aliuliza, akachekwa. Hakunyamaza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Wenzake wakamcheka tena, lakini mgeni alikwenda kulipima. Mwaka 1969 waliandika pamoja, na leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Naamini hapa Nassa wapo wengine kama hao, wamekaa na swali moyoni wakiogopa kuchekwa, au wanaomba jibu la kunakili kwa sababu hakuna mtu mwenye muda wa kukaa nao. Mimi nilimpa yule binti jibu la kunakili nikajiona nimemsaidia. Kumbe nilikuwa nalinda heshima yangu. Upendo ungekuwa kusema sijui, twende tukatafute anayejua. Kumfundisha asiyejua ni tendo la huruma, tunalisoma katika katekesimu, lakini sikuwahi kufikiria kwamba linaweza kuwa na rezista tatu ndani yake.

Siku hizi binti yule huwaelekeza wenzake wawili chini ya mwembe Jumamosi baada ya usafi wa kanisa. Nilipomuuliza kama anatoa majibu, alinitazama kama mtu niliyemtukana.

Kazi yetu wiki hii ni mbili tu. Kwanza, chukua swali moja ulilokwama, jaribu mpaka mwisho wa uwezo wako, kisha umpelekee mtu anayejua bila kuona aibu. Pili, mtafute mdogo wako mmoja aliyekwama, ukae naye nusu saa. Usimfanyie. Kaa naye.

Tuombe: Ee Mungu, chanzo cha mwanga wote, utujalie unyenyekevu wa kuuliza na uvumilivu wa kufundisha. Uwafariji wanafunzi waliofiwa, uwaongoze wenye mashaka, na uwape walimu wetu nguvu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwenyeheri Frederiki Ozanam, utuombee.
Mtakatifu Yosefu wa Kupertino, msimamizi wa wanaofanya mitihani, utuombee.

Ni mimi ndugu yenu, Frateri, Nassa.